Usiku Uliochapwa kwa Ubao

Mafuta ya taa yana ukorofi wake. Harufu nyingine hupita puani zikaenda zao, lakini hii huingia, ikavuta kigoda, ikakaa. Juzi nilikuwa kwenye stegi ya bodaboda hapa Kaptembwo, Nakuru, mwavuli mkononi, nikimngoja kijana mmoja amalize kusafisha mnyororo wa pikipiki yake. Alikuwa amechovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, anasugua grisi nyeusi iliyokauka. Kitambaa kilipopita karibu na uso wangu, nilisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Mathe, uko sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia niko sawa, ni vumbi tu. Haikuwa vumbi. Yeye alikuwa na haraka ya wateja, lakini wewe uliyekaa hapa na mimi nakuambia ukweli: ilikuwa harufu ya kibanda cha Mwalimu Elija, mafuta ya taa na wino mweusi na magunia ya viazi, na ndani yake nilimsikia Cucu wangu akikohoa kidogo kusafisha koo, vile alivyokohoa kila mara kabla ya kuanza hadithi.

Cucu ndivyo tulivyomwita nyanya, mama ya baba yangu. Miaka hiyo ya hamsini tuliishi watatu katika chumba kimoja cha lokesheni, mtaa wa Waafrika, mjini Nakuru: Cucu, Mama na mimi. Ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza. Jua likishazama hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje, na hata mchana mtu mzima hakuvuka barabara bila kipande chake cha utambulisho mfukoni. Mama alifulia watu nguo kutoka alfajiri mpaka vidole vikanyauka. Cucu alilima kashamba kadogo nyuma ya nyumba, akafuga kuku, na akanyamaza. Hako kanyamazo kake ndiko ninakotaka ukajue kwanza.

Baba alichukuliwa mchana. Lori la askari lilisimama lokesheni saa ya chakula, jua likiwa la utosi, akapandishwa pamoja na wanaume wengine, tonge la ugali bado likiwa mkononi. Hatukuambiwa anapelekwa wapi. Majirani walisema mambo ya siasa, mambo ya viapo, mambo ya mzungu. Cucu alikuwa na sababu yake mwenyewe, na aliniambia mara moja tu, tukichambua maharagwe.

Baba alipokuwa mdogo, kwenye shamba la mzungu huko Molo, alishikwa na surua. Alijikuna mpaka akatoka damu. Cucu, ambaye alikuwa msichana tu aliyeolewa juzi, alimshika mikono akaanza kumsimulia hadithi ili atulie. Ilikuwa mchana. Sasa kwetu hadithi ni ya usiku. Anayesimulia jua likiwa juu hupoteza kilicho chake, hivyo ndivyo walivyoambiwa na waliowazaa. Alipofika katikati ya hadithi, mama mkwe wake aliingia na mzigo wa kuni, akasikia, akautupa chini na kumziba mdomo kwa kiganja. Hadithi ilikatikia hapo, mvulana wake akiwa bado kilimani. Cucu aliogopa hata kuimalizia usiku, na Baba hakuwahi kuusikia mwisho wake.

"Nilimwacha mtoto wangu katikati ya kilima," Cucu aliniambia, macho kwenye maharagwe. "Na wamekuja kumchukua mchana. Kwani unafikiri nani alifungua mlango?"

Cucu alikuwa Mkristo wa kubatizwa, jina lake Rebeka, na Jumapili aliimba kumshinda mchungaji. Lakini mambo ya hadithi hakuyapeleka kanisani. Tangu lile lori, hakusimulia tena kitu, hata usiku. Tulikaa gizani kuokoa mafuta, mimi nikisikiliza kuku wakisukumana kwenye tundu lao.

Mwalimu Elija alikuwa mmoja wa watu ambao Mama aliwafulia. Zamani alifundisha shule ya shamba huko Molo. Alipoiacha chaki alinunua mashine ya kuchapa ya mkono, chuma kikuukuu ambacho misheni fulani ilikuwa inakitupa, akakiweka katika kibanda nyuma ya maduka ya Wahindi, mahali palipokuwa na kinu cha posho. Humo yeye na dada yake Rahabu walitengeneza vitabu. Havikuwa vingi wala vikubwa: hadithi, methali, mashairi ya watu ambao hakuna mwingine angewachapa. Watu walimcheka. Walisema kabla Mwalimu hajamaliza kitabu, mtu mwingine amejenga nyumba, paa limeoza, na amejenga nyingine. Aproni zao za wino zilikataliwa na kila dobi isipokuwa Mama, na mbebaji wa aproni nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kuingia, nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sijui kwa nini. Kuta zilikuwa na vijumba vidogo vya mbao kutoka chini mpaka juu, na katika kila kijumba herufi za madini ya risasi zimelala na ndugu zao. Mwalimu alisimama mbele ya vijumba hivyo na kibati kidogo cha kupangia herufi mkononi, mkono mwingine ukienda na kurudi, tak, tak, tak, bila yeye kuutazama. Mimi nilijua kusoma na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, lakini pale sikuweza kusoma hata neno moja, maana kila kitu kilikuwa kimegeuzwa, herufi zimetazama nyuma kama watu waliokasirikiana.

Kisha Rahabu akapitisha rola ya wino juu ya zile herufi, na wino ukatoa mlio mdogo wa kunata. Akalaza karatasi iliyonyunyiziwa maji. Mwalimu akakamata mkono wa mashine, akaegemea nyuma na uzito wake wote, na chuma kikaguna. Rahabu akashika ncha mbili za karatasi, akaibandua polepole kama anayemfunua mtoto aliyelala. Yale maneno yaliyokuwa yamenipa mgongo yakanigeukia yote kwa pamoja. Yalikuwa meusi, yanang'aa, na nilipopitisha kidole upande wa nyuma wa karatasi niliyasikia yamevimba kidogo. Nakuambia nilisahau kupumua.

"Pumua, mama," Rahabu akaniambia. "Haiumi."

Jambo lililonistaajabisha zaidi lilikuja baadaye. Zile herufi zilitoka Ulaya, zimehesabiwa kwa lugha ya huko, na Kiswahili kinakula herufi a kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Ukurasa mmoja tu, na kijumba cha a kiko kitupu. Kwa hivyo walipanga ukurasa mmoja, wakauchapa mara nyingi kadiri ya vitabu walivyotaka, wakauvunja, wakarudisha kila herufi kwake, ndipo wakapanga ukurasa wa pili kwa herufi zile zile. Kitabu kizima hakikuwahi kusimama mahali pamoja kwa risasi. Kilivuka kidogo kidogo, kama kijiji kinachovuka mto kwa mtumbwi mmoja. Mimi nilitazama neno "mama" likivunjwa na nikahuzunika, kisha nikaziona herufi zake zikitumika kwa neno "asali," na nikahisi kwamba nimeonyeshwa siri ya dunia.

Mwaka huo Mwalimu alikuwa anatengeneza kitabu cha hadithi. Alasiri moja yeye na Rahabu walikuja mpaka kwetu, wakakaa kwenye kitanda kwa sababu viti hatukuwa navyo, wakanywa chai ya Cucu isiyo na maziwa na kuisifu.

"Mama," Mwalimu akamwambia Cucu, "mtoto wako nilimfundisha Molo. Aliwasimulia wenzake darasani juu ya mvulana aliyemfuata ndege wa asali. Alipofika kilimani akasimama. Akaniambia, mama ndiye anajua mwisho. Nimekaa na huyo mvulana kilimani miaka yote hii."

"Hata mimi," Cucu akasema.

Mwalimu akamweleza kwamba kuna mchungaji anayeruhusiwa kuingia na vitabu kwenye kambi walizofungiwa wanaume waliochukuliwa. Alisema haahidi kitu. Lakini kitabu kinaweza kufika mahali ambapo mtu hafiki, na kama mwisho wa ile hadithi utakuwa ndani, huenda ukamfikia mwenyewe.

Niliuona uso wa Cucu ukifunguka na kufungika. Wewe unayenisikiliza uelewe mzigo aliokuwa ametwikwa. Akisimulia mchana kwa mara ya pili, basi, kwa imani yake, Baba hatarudi kabisa. Asiposimulia, Baba atabaki huko aliko bila mwisho, na huenda huo mwisho ndio kamba pekee ya kumvutia nyumbani.

"Njooni usiku," akasema.

"Usiku nitapigwa risasi, Mama."

"Basi haiwezekani."

Akainuka kwenda kuwapa kuku maji. Mwalimu hakubishana naye. Hakumwambia hayo ni mambo ya kizamani, wala hakumtajia Biblia. Alikaa pale akikitazama kikombe chake kama mtu aliyepewa hesabu ngumu na anaiheshimu.

Mimi nilimfuata Cucu nje. Nilikuwa na swali, na swali likinishika siwezi kulilaza. Aliwahi kunihadithia, zamani alipokuwa bado anahadithia, kwamba alipokuwa msichana jua lilifunikwa na mwezi adhuhuri na ulimwengu wote ukaingia giza.

"Cucu, siku ile jua lilipofichwa, kuku walifanya nini?"

"Waliingia wakalala."

"Sasa ilikuwa mchana ama usiku?"

Cucu alisimama na kopo la maji mkononi. Alimtazama kuku wetu mkubwa, yule mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya, ambaye alimwamini kuliko majirani wengi.

"Saa ni ya mzungu," akasema mwishowe. "Kuku hadanganyi. Kuku akilala, ni usiku."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda kutengeneza usiku. Siku iliyofuata, katikati ya mchana, Mwalimu na Rahabu walitundika magunia ya viazi kwenye madirisha ya kibanda, gunia juu ya gunia, na nyufa za mbao wakaziba kwa karatasi zilizoharibika. Waliifanya kazi hiyo kama walivyofanya kazi zao zote, bila haraka, wakirudi nyuma kutazama, wakiondoa na kuweka upya. Taa ya chemni waliiweka kando ya vijumba vya herufi, utambi umeshushwa, na mbele yake wakainamisha kadibodi ili mwanga usitoke nje ya mikono ya Mwalimu. Mimi niliingia na kuku kwapani. Rahabu akamfunga uzi kwenye mguu wa mashine.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akamwambia. "Usitukasirikie."

Mlango ukafungwa. Tukangoja. Kuku akakataa. Kulikuwa na tundu la msumari kwenye mabati, na jua lilipita humo likaangusha kitone cheupe sakafuni, na yule kuku akawa anakidonoa kile kitone kwa bidii, akidhani ni punje ya mahindi. Cucu alikunja mikono. Mwalimu, mtu mzima na mvi zake, alipanda juu ya meza akaziba lile tundu kwa tonge la ugali wa chakula chake.

Giza likakamilika. Tulimsikia kuku akikwaruza, akilalamika chini chini, akipanda juu ya bunda la karatasi. Kisha akanyamaza. Rahabu akapapasa, akanong'ona kwamba ameinua mguu mmoja na kichwa kimeingia bawani.

Nje nilisikia Nakuru yote ikiendelea na mchana wake: maseremala wakipiga misumari, treni ikipumua stesheni, muuza maziwa akigombana na mtu. Ndani ilikuwa usiku. Si giza tu, giza nalijua. Ulikuwa usiku wenyewe, una ubaridi wake na ukubwa wake, na kuta za kibanda zilikuwa zimeondoka. Nywele za mikono yangu zilisimama, na mpaka leo nikikumbuka zinasimama.

Cucu akakohoa kidogo.

"Uga itha," akasema. Hivyo ndivyo hadithi inavyobisha hodi kwetu, na bila anayeitikia haiingii.

"Itha," nikaitikia. Rahabu akaitikia. Mwalimu naye akaitikia.

Cucu alisimulia kwa Kikuyu na Mwalimu akapanga kwa Kiswahili, papo hapo, sikio likisikia huku na vidole vikiokota kule, maneno yakiwekwa kinyumenyume katika mwanga usiotosha kuona kiganja. Siku hizi nina wajukuu waliosoma mpaka ng'ambo, na bado sijaona kichwa kikifanya kazi vile. Cucu alijifunza upesi kungoja. Alisema sentensi, akanyamaza, akasikiliza zile herufi zikianguka mahali pake, tak, tak, tak, na zikitulia alisema nyingine. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kusikilizwa namna ile maishani mwake.

Hadithi haikuisha siku hiyo, wala iliyofuata. Kila ukurasa ulitaka kupangwa, kuchapwa na kuvunjwa, kwa hivyo kila walipohitaji ukurasa mwingine, mimi na Cucu na kuku tulivuka mji adhuhuri kwenda usiku. Askari mmoja alituuliza kuku tunampeleka wapi kila mara. Cucu akamjibu, kwa heshima zote, kwamba anakwenda kulala.

Ilikuwa hadithi ya mvulana mchunga mbuzi aliyemfuata ndege wa asali kutoka mti hadi mti, kilima hadi kilima, mpaka akasahau njia ya nyumbani. Siku tuliyofika pale kilimani, Cucu alisimama. Zile herufi zikatulia, tukangoja, na sauti yake haikuja. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Nilihisi mkono wake ukiinuka, na nilipopapasa nikaukuta juu ya mdomo wake mwenyewe, kiganja kimebana, vile alivyobanwa siku ile ya surua. Sikujua nifanye nini. Nilifanya lile moja nililofundishwa.

"Itha," nikasema.

Mkono ukashuka. Akaendelea. Mama ya yule mvulana aliwasha moto juu ya kilima cha nyumbani ili mwanawe auone. Kuni zilipokwisha akachoma kigoda chake. Kigoda kilipokwisha akachoma kitanda, na kitanda kilipokwisha akang'oa mlango wa nyumba akauchoma. Moto wa mlango ndio mvulana aliouona. Akaufuata, akafika nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na mlango tena, aliingia bila kubisha.

Rahabu alikuwa analia na hakuficha. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, maana nilikuwa na hakika kwamba Baba amekwisha kuanza safari.

Lakini Cucu hakuwa amemaliza nasi. Karatasi zote zilipokauka, zikiwa zimetundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, aliitwa aje aone. Madirisha yalikuwa wazi siku hiyo, na jua lilipita kwenye zile kurasa mpaka maneno yakaonekana pande zote mbili. Cucu alizipita moja moja, mikono nyuma. Kisha akageuka.

"Na atakayesoma mchana?"

Mwalimu akazitazama zile kurasa.

"Kitabu hakijui saa," Cucu akasema. "Mtu atakifungua jua likiwa juu, na itakuwa ni mimi ninayesimulia. Huko aliko mtoto wangu, watamsomea mchana." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Zichomeni, Mwalimu. Nisamehe. Zichomeni."

Kazi ya wiki nyingi, karatasi waliyoitafuta kwa shida, macho ya mtu yaliyokaribia kufa kwenye mwanga wa ile taa. Nilitegemea Mwalimu akasirike, na angekasirika ningemwelewa. Akamwambia tu, "Niachie mpaka kesho, Mama."

Nililia njia nzima kurudi. Cucu alinishika mkono na hakuniambia ninyamaze.

Tuliporudi kesho yake, kabati la karatasi halikuwa na mlango. Ule mlango, ubao mpana wa mutarakwa, mti wa vikingi vya ua huko Molo, ulikuwa umelazwa kwenye mashine mahali pa herufi, umekatwa sawasawa na ukubwa wa ukurasa na kulainishwa kwa chupa iliyovunjika. Haukuchongwa kitu. Rahabu alikuwa anaupaka wino, rola ikienda na kurudi, tena na tena, mpaka wino ukawa mzito na harufu ikatushika koo. Akalaza karatasi. Mwalimu aliegemea mkono wa mashine, dada yake akaja akaushika pamoja naye, na chuma kikaguna kuliko nilivyowahi kukisikia. Kisha Rahabu akabandua.

Ilikuwa karatasi nyeusi. Nyeusi kutoka pembe hadi pembe, bila neno, na ndani ya ule weusi mistari ya ubao imebaki nyeupe, myembamba, inashuka mamia kwa mamia, mahali pengine imeinama kidogo.

"Tutaichapa pande zote mbili," Mwalimu akasema, "tuishone mbele ya hadithi yako. Hakuna atakayemfikia yule mvulana bila kupita usiku kwanza. Hata akisoma saa sita mchana, Mama."

Cucu aliipokea kwa viganja viwili, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Nilimwona akiitazama, akiisogeza mbali, akiisogeza karibu. Nilishikilia aproni ya Rahabu.

"Ni Molo," Cucu akasema polepole. "Ni usiku wa Molo, na kunanyesha."

Rahabu akauliza kama tumwonyeshe kuku ili tuwe na hakika. Cucu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu lile lori.

Kila kitu kilichochapwa enzi hizo kilipelekwa ofisi ya serikali kukaguliwa, na Mwalimu alitusimulia jinsi mzungu wa huko alivyokwama kwenye ile karatasi. Aliiinua dirishani, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa, akataka kujua kumeandikwa nini chini ya wino. "Hakuna kitu chini, bwana," Mwalimu akamjibu. "Huo ni usiku." Mzungu akamtazama kama mtu asiye timamu, akagonga muhuri, akamwambia aache kupoteza wino. Rahabu akavishona vitabu kwa uzi na nta, kimoja kimoja, na mchungaji akaondoka na kifurushi. Baada ya hapo hatukusikia neno. Tulingoja mvua ya kupandia na kiangazi cha kuvunia, na yule kuku mwekundu akazeeka.

Baba alirudi siku ya shule, mchana, wakati nimekuja nyumbani kula. Hakubisha. Kivuli kiliingia chumbani, na nyuma yake mtu mwembamba ambaye nilijua ni baba yangu kwa masikio yake tu. Cucu alimpapasa uso, mabega, mikono, kama anayekagua iwapo wamemrudisha mzima. Mama alikuwa bado kwa watu, akifua. Swali la kwanza la Cucu halikuwa la kambi wala la afya.

"Kilifika?"

"Kilifika, Mama."

"Mlikisoma saa ngapi?"

Baba alikaa kitandani. Alisema huko kulikuwa na minara yenye taa kubwa, na taa zilimulika usiku kucha mpaka ndani walimolala, mwaka mzima, ili hata kivuli cha mtu kisijifiche. "Hatukuwa na usiku, Mama. Walituchukulia. Kile kitabu kilipokuja, tulikuwa tunafungua ile karatasi nyeusi kwanza. Tunakaa kuizunguka, tunanyamaza. Ukiitazama muda, macho yanapumzika. Halafu mwenye macho mazuri anasoma, na sisi tunaitikia." Akasugua macho. "Wengine walikuwa wanaomba tufungue tu ile nyeusi, hata bila hadithi."

Utotoni nilidhani nimeelewa yote. Nilidhani maajabu ya kibanda kile yalikuwa mashine, na herufi, na kile chuma kinachoguna. Na kwamba magunia na kuku yalikuwa hila ya kumkwepesha Cucu mwiko wake. Imenichukua maisha kuona kwamba Mwalimu na Rahabu hawakuwa wanamdanganya, wala hawakuwa wanamchukulia kama mtoto. Walijua huwezi kumtoa mama lawama kwa maneno. Kwa hivyo walichukua hofu yake jinsi ilivyo, wakaitengenezea mahali pa kukaa, kwa ugali na magunia na mlango wa kabati, kwa uangalifu ule ule wa kupanga ukurasa. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo. Sijaona ukurasa mwingine uliochapwa vizuri kama ule usio na neno.

Baba alijaribu kulala alasiri ile akashindwa. Alijifunika uso kwa mkono, akageuka ukutani, akarudi. Mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia wote. Cucu alimtazama, kisha akavuta gunia la viazi kutoka chini ya kitanda, akalitundika dirishani, na juu yake akatundika shuka yake. Mimi nilikuwa nimekwisha fika mlangoni.

"Cucu, nimlete kuku?"

"Mwache kuku ale," akasema.

Akakaa kando ya kitanda, akamshika mwanawe mikono yote miwili, akakohoa kidogo.

"Uga itha."

"Itha," nikaitikia, na kutoka kitandani sauti ya mwanaume, nzito kwa uchovu, ikaitikia pamoja nami. Kabla mvulana hajafika kilimani, Baba alikuwa amelala. Cucu hakukatiza. Alisimulia mpaka mlango ukaungua, mpaka mtoto akaingia, na nje jua lilikuwa bado liko juu.